Sikuichapa Sura ya Saba

Flemingdon Park, Toronto
14 Julai 2024

Baba Mkubwa Thobias,

Shikamoo. Na Mama Mkubwa naye mfikishie shikamoo yangu, umwambie goti lake tunaliombea kila Jumapili. Sisi hapa tu wazima. Mama bado anahudumia wazee kwenye kile kituo cha Don Mills, zamu za alfajiri. Baba yuko karakana ya mabasi kama kawaida, anarudi, anakula, anakaa kwenye baraza la ghorofani akitazama bonde. Lifti moja imekufa tangu Mei na ya pili ina foleni, kwa hiyo tunapanda kwa miguu mpaka ghorofa ya tisa na mifuko ya sokoni. Mama anasema aliuacha mlima Upareni akaukuta huku.

Nimemaliza shule. Siku ya mahafali walilitamka jina langu vibaya, nami nikapanda jukwaani hivyo hivyo, sikumsahihisha mtu. Chuo nimepata nafasi ya kusoma siasa za kimataifa. Unajua ni kwa sababu ya nani. Nimeomba nianze mwakani ili kwanza nifanye kazi kidogo na nimalize kukuchapia kitabu chako kwenye kompyuta.

Madaftari yako manne yalifika na mchungaji wetu wa hapa, hayakulowa. Najua hupendi simu kwa sababu ya sikio lako, na mimi kwenye simu hukwama, kwa hiyo barua inatufaa wote wawili. Nimeshachapa sura tatu. Ya pili niliipenda sana, pale unapoeleza ulivyokutana na fikra za wahafidhina mamboleo ulipokuwa unasoma Virginia: kwamba nchi yenye nguvu haipaswi kumvumilia dikteta kwa sababu tu yuko mbali, kwamba ukimwondoa, watu wake wataijenga demokrasia wenyewe, kwamba anayesubiri kibali cha mataifa yote atasubiri mpaka watu waishe. Na katika sura ya tatu unasema Wamarekani hawakutufundisha kitu, maana sisi tulimwondoa Nduli mwaka 1979, na Babu akatembea kwa miguu mpaka Kampala na bunduki begani.

Nina swali dogo. Sura hiyo inaishia siku watu wa Kampala walipotoka barabarani kuwashangilia askari wetu. Nilikwenda maktaba kuhakikisha tarehe, nikakuta kwamba ndani ya miaka miwili serikali kule zilibadilika mara kadhaa, ukafanyika uchaguzi uliolalamikiwa, na vita vikaanza tena wenyewe kwa wenyewe. Je, hayo yako kwenye sura nyingine, au nimeruka ukurasa?

Nisamehe kama nimeuliza vibaya.

Mwanao,
Elinaza


Same, Kilimanjaro
19 Agosti 2024

Mwanangu Elinaza,

Marahaba, marahaba mara mbili, moja yangu na moja ya mama yako mkubwa, ambaye goti linamsumbua lakini mdomo ni mzima. Jua ni kali, maharage yamenyauka yote ya bondeni. Mbuzi wako uliyemwachia jina la mwalimu wako wa hesabu amezaa mapacha, nao ni wakorofi kama mama yao. Hongera sana kwa kumaliza shule. Ningekuwepo ningepiga vigelegele mpaka wanitoe nje.

Hukuruka ukurasa. Mwandishi haandiki kila kilichotokea, anaandika kinachofundisha. Yaliyofuata Uganda ni ya Waganda. Sisi tulifungua mlango. Aliyefungua mlango haulizwi waliomo ndani walikaaje. Hilo ndilo lililowashinda wengi waliokosoa vita vya Iraq na Afghanistan: wanapima kazi ya fundi wa mlango kwa usafi wa sebule. Mwaka 2003 niliandika hivyo gazetini, nikatukanwa na nusu ya walimu wenzangu, na sijafuta hata nukta.

Sasa jambo lenyewe. Ndani ya bahasha hii kuna daftari la tano. Lina sura ya saba, na sura ya saba ni baba yako. Watu wamechoka kusoma habari za marais na majenerali. Nataka waone mtu wetu, fundi wa magari kutoka Upareni, aliyevaa sare ya Kanada akaenda Kandahar kwa imani. Mwenye kiwanda cha uchapaji huko Moshi anataka kazi yote ikiwa imechapwa ifikapo Januari. Pasaka tutakizindua pale sekondari nilikofundisha, na Rogers, baba yako, atakaa meza kuu pembeni yangu. Nimeshamwambia mkuu wa shule.

Msomee baba yako sura hiyo kama tunavyosoma nyumbani kwetu. Babu yako alituwekea sheria: maandishi ya mkubwa husomwa Jumapili baada ya chakula, watu wote wakiwepo, msomaji amesimama, mpaka mwisho bila kuruka. Nataka baraka zake kabla haijakwenda Moshi.

Baba yako mkubwa,
Thobias


Flemingdon Park, Toronto
6 Oktoba 2024

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Tu wazima. Mama amebadilishiwa zamu, sasa anatoka jioni. Nimepata kazi ya kupanga vitabu maktaba siku tatu kwa wiki. Hailazimu kuongea na watu wengi, inanifaa. Hongera kwa mapacha wa mbuzi.

Sura ya saba niliisoma wiki mbili zilizopita kama ulivyoagiza. Tulikula wali na njegere, nikasimama, nikaanza. Sikuwa nimeipitia kabla, maana nilitaka niisikie pamoja nao. Nilisoma kwamba mwaka 2009 mdogo wako aliomba mwenyewe apelekwe Kandahar. Nilisoma kwamba alitengeneza magari mchana na madawati jioni, madawati arobaini na mawili kwa shule ya wasichana ya kijiji kimoja, na kwamba madawati hayo ni jibu kwa kila anayeuliza vita vile vilileta nini.

Hapo Baba akaweka kijiko chini. Akasema, “Mwulize nani alisema yaandikwe.” Akavaa viatu akashuka ngazi za ghorofa zote tisa.

Sikujua niendelee au nikae. Sheria inasema mpaka mwisho, kwa hiyo nilimsomea Mama kurasa zilizobaki, na Mama aliendelea kuosha vyombo hata vilivyokuwa safi. Nilipomaliza akaniletea barua yako ya Septemba 2009. Sikuwahi kujua kwamba ipo. Baba Mkubwa, sikupenda kuisoma lakini niliisoma, na nainakili hapa ili usiseme nimeongeza.

Uliandika: “Baba yetu hakungoja kuitwa mara mbili. Wewe umeapa kwa bendera yao, wanakuita, unasema una mtoto mdogo. Usipokwenda, usinitajie tena jina la Baba.” Na kwenye barua ya pili iliyokunjwa pamoja nayo, baada ya yeye kufika huko na kukueleza kuhusu madawati: “Yaandikeni kama tunavyoandika ya shule zetu, jina la mtoaji kwa rangi nyeupe ubavuni, ili mtoto ajue nani amemkomboa.”

Nami nimesoma Same. Najua dawati la msaada lisiloandikwa jina huonekana kama limeibwa. Langu lilikuwa na jina la mbunge. Baba naye aliona ni jambo la kawaida, akaomba rangi, akamwomba mkalimani amwandikie maneno yale kwa herufi zao, akayanakili mara arobaini na mbili: Zawadi ya Kanada. Mama anasema mwalimu mkuu alisita kuyapokea. Baba akadhani anaona haya. Wiki tatu baadaye watu wenye silaha walifika, wakayasoma, wakaichoma shule na kuondoka na mwalimu mkuu. Hakurudi.

Mama anasema Baba aliporudi nyumbani alikuandikia kila kitu, Mei 2010.

Kisha ikaja Septemba, nikaanza chekechea. Baba ndiye aliyekuwa anipeleke. Alifika dirishani, akaona madawati madogo yamepangwa, akageuka nami tukarudi. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu hivyo hivyo. Novemba nikaletwa kwenu. Miaka yote saba niliyokaa kwenu nilidhani nililetwa Same kwa sababu nilikuwa mtundu.

Kuna jirani yetu, Bi Farhat, ghorofa ya sita. Alikuwa mwalimu Herat, Afghanistan, alikuja baada ya 2021. Tunakutana chumba cha kufulia. Nilimsimulia sura yako, na nilipofika kwenye rangi nyeupe akacheka, si cheko la furaha. Akasema shuleni kwao madawati pia yalikuja na majina ya wafadhili, na walimu walibaki wakati wa likizo wakiyakwangua kwa visu vya jikoni. “Baba yako hakuwa na mtu wa kumwambia akwangue?” aliniuliza. Nilitaka akubaliane nami kwamba vita vile vyote vilikuwa upuuzi, lakini hakukubali. Alisema, “Nilifundisha wasichana miaka kumi na moja. Usiniambie haikuwepo.” Naliandika hili pia kwa sababu alilisema.

Sura nyingine zote nimezichapa. Ya saba sitaichapa. Nasema samahani kwa heshima yako, lakini si samahani ya kuyaondoa maneno haya.

Elinaza


Same
9 Novemba 2024

Elinaza,

Marahaba. Nyumbani ni wazima. Mvua za vuli zimechelewa.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Nilikufundisha kusoma kwa kidole changu juu ya ukurasa, jioni baada ya jioni, mama yako mkubwa akilalamika mafuta ya taa yanaisha. Sikujua nafundisha hakimu.

Mimi si mtu wa kukimbia hoja, basi nikujibu. Kwanza, huyo mwalimu wa Herat ni shahidi wangu, si wako. Miaka kumi na moja ya wasichana darasani nani aliileta? Waliokaa kimya? Waliotia saini matamko? Ililetwa na nguvu. Pili, kosa la rangi ni kosa la rangi. Fundi akipaka rangi mbaya nyumba haigeuki kuwa haramu. Tatu, mtu mzima hapelekwi vitani na barua. Baba yako alikuwa na miaka thelathini na moja.

Mambo ya kifamilia ambayo mama yako amekuambia jikoni hayana nafasi katika mjadala wa fikra.

Kuna kijana Mkenya, Mwangi, anayesali nanyi kwenye ibada ya Kiswahili. Mchungaji ananiambia anachapa vizuri. Mpe daftari la tano. Sitaki mjadala mwingine.

Thobias


Same
20 Desemba 2024

Elinaza,

Heri ya Krismasi kwenu nyote. Mama yako mkubwa anatembea kwa fimbo sasa lakini anatembea.

Wiki sita, sijapata neno. Nachukua kimya chako kama kukubali, na nimemwandikia mtu wa Moshi kwamba sura ya saba inakuja. Mwambie Rogers aanze kuomba likizo ya Pasaka.

Thobias


Flemingdon Park, Toronto
19 Januari 2025

Baba Mkubwa,

Shikamoo, na poleni kwa goti la Mama Mkubwa. Heri ya mwaka mpya. Huku ni baridi kali, mabomba ya ghorofa ya nne yameganda, na Baba alishuka na vifaa vyake akawasaidia mpaka maji yakarudi.

Hukupata neno kwa sababu hapakuwa na barua. Wafanyakazi wa posta wa Kanada waligoma mwezi mzima kuanzia katikati ya Novemba. Barua zako zote mbili nimezikuta wiki hii kwenye sanduku moja, ya hasira juu ya ile ya Krismasi. Kwa hiyo sikukubali. Sikuwa hata nimeulizwa.

Mwangi alikuja juzi. Kumbe mambo ya simu huyapendi ila yakikufaa. Alisimama mlangoni amevaa kofia ya sufu, theluji mabegani, akasema, “Sasa Elinaza, huyo mzee wenu amenipigia mara tatu kuhusu daftari. Hizo ni siri za serikali ama?” Unanijua. Mtu akinijia mlangoni huwa namwita Mama. Siku hiyo Mama alikuwa kazini. Nilisema, “Ni za baba yangu, na hazitoki.” Akasema sawa, hata yeye babake ana mambo yake ya jeshi hayaguswi, akaomba chai, akanywa, akaenda.

Hoja zako nimezisoma na nimezirudisha kwa Bi Farhat, maana ulimfanya shahidi wako bila kumwuliza. Alisema ndiyo, miaka kumi na moja ililetwa na nguvu. Alisema pia kwamba nguvu ile ilipochoka iliondoka kwa majuma machache, na majina ya walimu yalibaki yamepakwa ukutani shuleni chini ya jina la mfadhili, na yeye alilala nyumba saba tofauti kabla ya kuvuka mpaka. Anasema yeye hajui kama wageni wangekuja au wasingekuja. Anachojua ni kwamba hakuna aliyemwuliza walipokuja, na hakuna aliyemwuliza walipoondoka.

Hili ndilo ninalokuuliza wewe. Katika sura ya tatu unakumbusha jinsi Mwalimu alivyowaambia wananchi kwamba uwezo upo, sababu ipo, nia ipo. Mimi natafuta cha nne katika madaftari yako yote matano na sijakiona: na kesho yake je? Mwaka 1979 sisi tulivamiwa kwanza, tulikuwa jirani, lugha yetu wengi wao waliisikia, na hata hivyo kesho yake ilitushinda. Halafu ukachukua ushindi ule, ukaukata mkia, ukasema tazameni, inawezekana, nendeni Baghdad, nendeni Kandahar. Unasema fundi wa mlango haulizwi. Ukivunja mlango wa mtu ili kumtoa mwizi, nani analinda nyumba hiyo mpaka mlango mwingine upatikane? Ni nani aliyebaki na kijiji kile baada ya Baba kupanda ndege?

Na hili la kwamba mambo ya jikoni hayana nafasi katika mjadala wa fikra. Wewe ndiye uliyemleta Baba kwenye kitabu cha fikra. Kama jina lake linaruhusiwa kuingia, na yaliyompata yanaruhusiwa.

Sura zote zimekamilika isipokuwa ile. Pale inapotakiwa kuwa nimeacha kurasa kumi na nane nyeupe zenye namba. Madaftari ninayo mimi. Nakala nyingine huna, uliniambia mwenyewe.

Umejibu hoja tatu ukaacha moja. Barua ya Baba ya Mei 2010 uliipata au hukuipata?

Elinaza


Same
23 Februari 2025

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako mkubwa ndiye aliyeniambia nianze kwa neno hilo, mwanangu, la sivyo asingenipa kalamu. Aliisoma barua yako kabla yangu.

Niliipata. Tarehe tatu Juni 2010, posta ya hapa Same, nikaifungua pale pale kwenye ngazi. Nikaisoma, nikaikunja, nikaenda kufundisha kipindi cha nne. Makala yangu ya kusifu madawati ilikuwa imeshatoka gazetini tangu Machi. Watu walikuwa wananisimamisha sokoni kunipongeza. Nilijiambia nitaandika nyingine nikipata nafasi. Kisha nikaombwa kuzungumza Moshi, wakataka habari ya madawati, nikaisimulia. Baada ya hapo kila nilipoisimulia ilikuwa vigumu zaidi kuacha kuisimulia. Sikuwahi kumjibu. Kwa miaka kumi na minne mimi na mdogo wangu tumeulizana habari za mvua.

Ulipoletwa Novemba nilijua kwa nini umeletwa. Ulikaa mezani kwangu na nilikufundisha kusoma kwa bidii ambayo sikuitumia kwa mtoto wangu hata mmoja. Sisemi hili ili unionee huruma. Uliuliza, najibu.

Kuhusu fikra, usidhani nimezitupa zote. Bado naamini dikteta hana haki ya kukaa. Ila siamini tena kwamba najua nani amtoe, wala kwamba anayemtoa anajua anachoingia. Walimu wangu wa Virginia walikuwa na jibu la kila swali, na nilipenda hilo kwa sababu nilitoka mahali ambapo hatukuwa na jibu la lolote. Swali lako la kesho yake halikuwemo darasani. Nimekaa nalo wiki nzima, na mkuu wa shule anadhani naumwa.

Ndani ya bahasha utaikuta barua ya Rogers, yenyewe, si nakala. Iwe ndiyo sura ya saba, neno kwa neno. Na kitabu kizima nakitoa kwa heshima ya yule mwalimu mkuu. Jina lake Rogers aliliandika humo, na la kijiji. Yatakuwa ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa, mtu akifungua tu ayaone. Afadhali dunia imjue. Hilo naweza kulitenda, na nitalitenda kabla ya Pasaka.

Thobias


Flemingdon Park, Toronto
30 Machi 2025

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Na Mama Mkubwa aibusu kalamu ile kwa niaba yangu. Barafu imeanza kuyeyuka, bonde limejaa maji. Lifti zote mbili zinafanya kazi tangu Jumanne, watu wanapanda na kushuka bila sababu.

Barua yako niliisoma leo baada ya chakula. Nilipofika pale uliposema uliipata, Baba alifumba macho, lakini hakuondoka. Kisha nikaanza barua yake ya 2010. Baada ya ukurasa mmoja alinyoosha mkono nikampa, akaimaliza mwenyewe, kwa sauti, kwa Kiswahili chake cha wakati ule. Kilikuwa kizuri kuliko cha sasa. Mama alikaa chini. Sijawahi kumwona akikaa kabla vyombo havijaoshwa.

Baadaye Bi Farhat alipanda kuturudishia sufuria. Nilimweleza, kwa Kiingereza chetu cha chumba cha kufulia, kwamba kitabu sasa kitakuwa cha heshima ya mwalimu mkuu, jina na kijiji, ukurasa wa kwanza. Nilidhani atafurahi. Akamgeukia Baba, akamwuliza kama mtu huyo alikuwa na watoto. Baba akasema mabinti wawili, mmoja alimletea chai siku ya madawati. Akamwuliza wako wapi. Baba akasema hajui.

“Basi wapo,” Bi Farhat akasema.

Waliomchukua baba yao ndio wanaotawala leo. Mabinti hao sasa ni wanawake wa umri wa dada zangu, kama ningekuwa na dada. Kitabu kikitoka Moshi mtu atakipiga picha, picha itaingia kwenye intaneti, na mtu mwingine atamtafsiria mtu mwingine. Baba Mkubwa, nakupenda, na najua umelala bila usingizi kuifikia nia hiyo. Lakini umetaka kufanya jema na umeshika brashi ile ile. Hukuwauliza tena.

Kwa hiyo nakataa mara ya pili. Jina la mwalimu halitoki humu ndani. La kijiji halitoki. Barua ya Baba haitoki, kwa sababu imejaa majina, na kwa sababu Baba ameiweka mfukoni mwa shati na hajaitoa tangu mchana.

Nimeandika sura ya saba mwenyewe. Ina kurasa nne. Inasema kwamba mwalimu mmoja wa Same aliamini kwamba mwenye nguvu ana wajibu wa kuwakomboa wengine, na alikuwa na sababu zake, na nimezitaja zote kwa haki kama ulivyonifundisha. Inasema alimwandikia mdogo wake barua mwaka 2009, na maneno yake yamo. Inasema madawati yaliandikwa, shule ikachomwa, mtu akachukuliwa. Inasema barua ya kueleza hayo ilimfikia Juni 2010 naye akaenda kufundisha kipindi cha nne. Inasema kuna mwanamke aliyefundisha miaka kumi na moja na hataki mtu aseme haikuwepo. Mwisho inauliza kesho yake ni ya nani, na haijibu, kwa sababu mimi sijui na wewe hujui.

Jina moja tu limo, lako. Sikuweka la Baba, wala la kijiji, wala la mtu mwingine yeyote.

Nimeziweka kurasa hizo nne humu. Ukikubali, tia saini chini ya kila ukurasa unirudishie, nami siku nitakayozipokea nitakituma kitabu chote Moshi. Ukitaka kubadilisha, badilisha hoja zako upendavyo, lakini matukio usiyaguse. Ukikataa, kitabu kitakaa hapa kwenye rafu pamoja na madaftari, na sitampa Mwangi wala mchungaji wala mtu yeyote utakayempigia simu.

Najua barua hii haitafika kabla ya Pasaka. Pasaka na ipite. Mimi nina miaka kumi na minane, naweza kungoja.

Mwanao,
Elinaza